Mhadhara wa Feleji, Uliotolewa Juu ya Debe huko Mubambiro

Waheshimiwa wakazi wa Mubambiro. Wageni mliotoka Sake kwa miguu. Nawe kijana wa chukudu, kigari cha mti, uliyesimama hapa, si kwa kupenda elimu bali kwa kuwa magunia ya makaa yamekulemea: karibuni nyote. Aliyesimama mbele yenu ni Mtaalamu Mkuu wa Feleji wa barabara nzima ya Goma hadi Sake. Cheo hicho sikupewa na chuo. Vyuo niliviandikia, vikachelewa kujibu, nikaona si haki umma uteseke kwa uvivu wa makarani.

Tuanze na jina. Kiswahili kinaiita feleji, na kinaiita pua. Kwa nini pua? Utafiti wangu, nilioufanya usiku mmoja bila taa, umebaini kwamba chuma kikiwa motoni hupuliziwa na mivukuto, na kila kinachopumua lazima kiwe na pua. Mzee mhunzi pale nyuma anatikisa kichwa. Mzee wangu, shikamoo, lakini kutikisa kichwa si hoja.

Feleji ni chuma kilichochanganyika na kaboni kidogo, chini ya sehemu mbili katika mia. Ikizidi hapo mnapata chuma cha kusubu, kigumu lakini kikianguka kinapasuka kama chungu. Na kaboni ni nini? Ndiyo hiyo iliyojaa kwenye makaa ya kijana huyu. Amebeba nusu ya sayansi yangu na anaiuza kwa gunia.

Wala asiniambie mtu kwamba elimu hii ililetwa na meli. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kuhusu Wahaya wa Kagera, magharibi mwa Ziwa Viktoria. Walisema wahunzi wa kule walikuwa wakipata feleji tangu karne nyingi, kwa kusukuma mirija ya udongo ndani kabisa ya tanuri ili hewa ipate moto kabla ya kufika kwenye makaa. Wapo wataalamu waliowapinga kuhusu hiyo hewa. Mimi sikuwapinga, maana hakuna aliyeniuliza.

Sasa tazameni debe nililosimamia. Nimesikia mama mmoja akinong'ona kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Ni kweli, mama, na sababu yake ni ya kisayansi: ni bamba jembamba la feleji laini, yenye kaboni isiyofika hata robo ya sehemu moja katika mia. Feleji hiyo hukunjika bila kuvunjika. Ndiyo ya misumari, mageti, mabomba, na nondo nyingi za nyumba. Juu yake limepakwa bati, safu nyembamba sana, ili lisishike kutu. Na bati hutoka katika kasiterite, na kasiterite mnajua inatoka wapi: Bisie, kule Walikale. Watu waliibeba mgongoni msituni, kisha ikapelekwa kwenye lami ya Kilambo, ambako ndege zilikuwa zikitua barabarani kama kuku. Kwa hiyo huenda nimesimama juu ya Walikale, iliyozunguka dunia na kurudi ikiwa na mafuta ya kula ndani.

Lakini mabati ya paa hayana bati! Andikeni hilo, wenye kalamu. Yana zinki, kama ile inayochimbwa Kipushi, upande wa Katanga. Lugha imetudanganya kwa miaka yote na hakuna aliyefungua kesi. Zinki hukubali kuliwa yenyewe kwanza ili chuma kilicho chini kisalimike. Hapa kwetu inaliwa upesi, kwa kuwa upepo husukuma moshi wa volkano ya Nyiragongo kuja upande huu wa magharibi, mvua ikinyesha inashuka na tindikali. Mama anayeuliza kwa nini paa lake limetoboka kabla ya mtoto kumaliza shule, ajue kosa si la fundi wala la muuzaji. Ni la mlima. Madai yapelekwe juu.

Nakuja kwenye chuma kisichoshika kutu, ile inoksi yenu. Kinatiwa kromiamu, angalau sehemu kumi na nusu katika mia. Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield, aliyekuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki, akapata cha visu vya mezani. Cha kawaida leo kina kromiamu 18 na nikeli 8, na ndicho kingefaa kwa maziwa na jibini ya Masisi kuliko hayo mabidoni ya njano. Kukitambua ni rahisi. Ninayo sumaku, niliyoitoa kwenye spika ya redio iliyokufa. Ikinata, mmeibiwa, isiponata, ni inoksi halisi. Lete kijiko, mama. Hainati! Mnaona? Lete kisu, mzee wa bucha.

Inanata.

Mzee, umeibiwa. Unasemaje? Umekinunua miaka mingi, hakijawahi kushika kutu? Kila kisu kizuri ulichowahi kukishika kinanata? Hmm. Naam. Nilikuwa nikiwapima. Inoksi ya visu hupunguziwa au huondolewa nikeli na kuongezwa kaboni, ili ikubali kukazwa kwa moto na kushika makali, na hiyo hunata kwenye sumaku. Ile ya kijiko cha mama hainati, lakini hata uinoe mpaka Krismasi haitakata nyama. Mzee wa bucha amejibu vyema. Apewe alama. Sumaku naiweka mfukoni.

Twende kwenye kaboni ya juu. Hapo ndipo penye heshima: springi za magari, tupa, misumeno, mapanga. Springi ya lori ina kaboni kama sehemu sita katika elfu, na kwa mhunzi springi iliyovunjika ni mali. Mimi mwenyewe niliitoa moja kwenye lori lililokufa, nikaipasha mpaka ikawa nyekundu kama pilipili, nikaigonga ikawa panga, nikaichovya Ziwa Kivu mbele ya mashahidi. Ikalia "tii!" ikapasuka vipande viwili. Nikaandika kwamba maji ya ziwa lile yana gesi, na gesi huharibu feleji.

Mzee mhunzi anacheka sasa, hata jino la nyuma linaonekana. Sema, mzee. Anasema springi haichovywi kwenye maji, huchovywa kwenye mafuta machafu ya injini, maana maji huipoza kwa ghafla mno. Na anasema baada ya hapo panga hurudishwa kwenye moto mdogo mpaka rangi yake ifanane na majani makavu, ndipo ugumu unapungua kidogo na kuvunjika kunaondoka. Anasema pia kwamba kabla ya yote angekisugua chuma kwenye jiwe la kunolea linalozunguka na kutazama cheche: zikichanua matawi mengi, kaboni ni nyingi, zikiruka mistari mirefu iliyonyooka, ni ya geti. Haya yote, waheshimiwa, yamo kwenye kitabu changu. Kitabu bado sijakiandika.

Sasa milima yetu. Chuma cha keekee, kinachotoboa chuma kingine bila kulainika, kilitikisa dunia kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900: ncha ilikata ikiwa nyekundu kwa moto! Aina yake moja maarufu ina wolframu 18 katika mia, kromiamu 4 na vanadi 1. Wolframu inachimbwa Kivu. Nyingine huongezwa kobalti, na kobalti ni Kolwezi. Hata ile "kol" iliyo mwanzoni mwa koltani ya Rubaya ni ya kolumbite, mawe yenye niobiamu, na chembe chache za niobiamu hukaza feleji ya mabomba makubwa na ya magari. Ninyi mnaona malori yakipita. Halafu mnakwenda sokoni kununua panga kutoka nje, jembamba, linalopinda kwenye shina la mgomba. Nimelitafakari jambo hilo kwa miezi, na hitimisho langu la kitaalamu ni kwamba linakera.

Vipo na vyuma vingine ambavyo watu wa Mubambiro mmevijua kwa mlio, usiku, mkiwa chini ya maturubai. Juu ya hivyo sihadhiri.

Nimalizie na chukudu. Fremu ni mti, magurudumu ni mti uliovishwa raba ya tairi kuukuu. Goma wameisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu. Lakini ndani ya gurudumu, kijana, kuna nini? Beringi! Na gololi zake ni feleji ya daraja la juu, kaboni moja na kromiamu moja na nusu katika mia, ngumu kiasi kwamba tupa huteleza juu yake. Kitu bora kuliko vyote nilivyovitaja leo kimefichwa kwenye ubao, kimebeba makaa kutoka Masisi, na aliyekifunga hapo hakuhitaji mhadhara. Unasemaje? Ya mbele imeanza kulia, na ukiipaka grisi bado inalia? Basi gololi zimelika. Hapana, sijui zinauzwa wapi. Mzee mhunzi anajua? Muulize yeye.

Waheshimiwa, debe linabonyea. Msiogope, nimeeleza: feleji laini hukunjika, haivu—

Asanteni. Nimeshuka. Nilishuka kwa hiari. Kijana, ukishamaliza na mzee, nami naelekea Goma. Mguu umeteguka kidogo na sina nauli. Magunia nitayashika yasianguke.