Rula Haipandi Ndege

Ukiiuliza simu umbali wa anga kutoka Kigoma hadi Mtwara, itakujibu bila kusita: kilomita 1,300 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 800 kwa saa, itaongeza, hiyo ni saa moja na dakika 40 tu. Msomaji anaweza kudhani atakula mgebuka Ujiji asubuhi na korosho Mikindani kabla ya adhuhuri. Hesabu haina kasoro. Kinachokosekana ni ndege.

Kigoma kwenda Mtwara ni kupitia Dar es Salaam. Njia hiyo ni kilomita 1,480 hivi, yaani nyongeza ya 180, ambayo ndege huimaliza kwa robo saa; kwa hiyo umbali tuuachie huru, hauna kosa. Muda unaliwa chini, pale uwanja wa ndege wa Kipawa, Dar es Salaam, kwenye kiti cha chuma, mbele ya andazi lenye bei ya robo kuku, ukingoja ndege ya jioni, au ya kesho. Mtaalamu atasema wasafiri wa moja kwa moja hawatoshi kujaza ndege. Kweli, na hakuna anayedai ndege irushwe kwa ajili ya watu sita na kapu la dagaa. Atasema pia kikokotoo cha simu kazi yake ni kupima, si kukata tiketi. Haya, kipime kilomita kisha kinyamaze. Kikishataja saa kimejitia kwenye ratiba, na kwenye ratiba Kigoma na Mtwara hukutania Dar es Salaam.