Mwongozo kwa Mwenye Ng'ombe Asiyependa Kusumbuliwa

Una mtamba wa Friesian bandani, Rungwe au Hai, mimba imetimiza miezi tisa na siku zake, na usiku huu anahema. Usiende. Ng'ombe wa babu yako walizaa machungani bila kuitiwa mtu. Huyu wako ana nini hata akutoe kitandani?

Ukishindwa kujizuia, utakuta kwato mbili zinachungulia. Usizikague. Anayezikagua huishia kugundua kwamba nyayo zikitazama chini, kwa kawaida ndama anakuja vizuri, mikono na pua mbele. Zikitazama juu, huenda anakuja kinyumenyume. Huenda, kwa sababu ndama aliyelala chali tumboni naye huzigeuza nyayo. Basi mdadisi hunawa, huvaa glavu, hupaka kilainishi na kupapasa ndani. Viungo viwili vya kwanza vikikunjika upande mmoja, huo ni mguu wa mbele. Vikipingana, na cha pili kina ncha ya kisigino, ni wa nyuma. Maarifa ya namna hii huharibu usingizi.

Wewe ngoja. Katika ndama 100, kama 5 tu hivi huja kinyumenyume, na wapo waliotoka hivyo bila kuguswa, wakasimama, wakanyonya. Kila kilabu kina mzee aliyemwona mmoja wao. Waliokufa njiani hawana msimulizi. Walifukiwa kabla ya chai.

Kinachowaua hakichukui muda. Nyonga za ndama zikianza kupita, kitovu hubanwa kwenye mifupa ya mama au hukatika, na kichwa bado kimo ndani ya maji. Pumzi ya kwanza anaivuta humohumo. Una dakika chache, kwa hiyo huu ndio wakati mwafaka wa kutafuta kamba, kumwamsha jirani na kubishana nani ashike mguu upi. Wenye wasiwasi walishafunga kamba juu ya vifundo mapema, wakavuta ng'ombe anaposukuma na kutulia anapotulia, lakini nyonga zikishavuka hawapumziki tena.

Hata hivyo, anayemfaa zaidi mvivu ni ndama aliyetanguliza matako. Miguu ya nyuma imekunjwa chini ya tumbo, mlangoni kuna mkia tu. Hakuna kwato, hakuna purukushani. Hakuna kilichojaza njia, kwa hiyo mama hasukumi kwa nguvu. Anainua mkia, anazungukazunguka, anatafuna kidogo. Utasema bado. Utaendelea kusema bado hadi harufu ikujibu. Huyu anahitaji mkono unaojua kazi: kumrudisha ndani kidogo, kunyoosha mguu mmoja mmoja, na kukinga kwato kwa kiganja zisichane mji wa mimba.

Akitoka amelegea, mning'inize kichwa chini. Majimaji yatakayomwagika yatawaridhisha watazamaji, ingawa mengi hutoka tumboni, si mapafuni. Kumtekenya pua kwa unyasi mkavu apige chafya ni jambo dogo mno kwa mtu wa hadhi yako.

Bwana mifugo mwite mwishoni kabisa, wanaume wanne wakishachoka kuvuta. Akishuka kwenye pikipiki atauliza chupa ilipasuka saa ngapi. Mjibu, "Sasa hivi tu, daktari." Atazitazama kwato zilizokauka, atavaa glavu ya kufika begani, na bei atakayotaja haitakuwa ya sasa hivi tu.