Mwulize Mjomba: Paka wa Kulipia

Wiki hii barua zote zimekuja na paka. Mjomba hakuagiza.

*Mjomba, binti yangu anayefanya kazi Nairobi alinipeleka kwenye mkahawa wa paka. Tulilipa kiingilio, tukanawa mikono, tukavua viatu kama waendao wodi ya watoto wachanga, kisha tukanywa chai tukitazama paka. Hakuna hata mmoja aliyenisogelea. Mimi hapa Kithyoko nina paka watatu wa bure. Je, mtoto wangu anatapeliwa? — Mwenye Watatu*

Mzee mwenzangu, hajatapeliwa. Mtoto amepanga chumba ghorofa ya nne, na mwenye nyumba hataki kuona hata kuku. Ndivyo biashara hii ilivyopata wateja duniani. Mkahawa wa kwanza wa aina hiyo ulifunguliwa Taipei, Taiwan, mwaka 1998. Watalii wa Kijapani wakaupenda, na mwaka 2004 Osaka nayo ikapata wake. Kuanzia hapo ikaenea Japani, maana nyumba nyingi za kupanga huko haziruhusu mnyama. London ilifuata mwaka 2014. Mtu ameshinda ofisini akikaripiwa, jioni anataka kiumbe kimoja kisichomwuliza ripoti iko wapi.

Sasa wewe mwenye watatu: mara ya mwisho kuketi nao ilikuwa lini? Hao unaowaita wako ni walinzi wa ghala. Usiku kucha wanapambana na panya kwenye ndengu na mahindi, na kukicha unawatupia kandambili kwa kosa la kulala juu ya gunia. Wahenga walisema paka hashibi kwa wali, matilaba yake ni panya. Wewe umeigeuza methali hiyo kuwa sera ya mishahara: hata huo wali huwapi.

Na kazi yenyewe hakuna aliyewaomba. Paka wa nyumbani anatokana na paka-mwitu, ambaye mpaka leo anawinda kwenye nyika zetu. Maelfu ya miaka iliyopita, huko Mashariki ya Kati, watu walipoanza kuhifadhi nafaka, panya walifuata nafaka, naye paka akawafuata panya. Akakaa. Kwa hiyo ukoo wake ulizoea maghala kabla ukoo wako haujalima ndengu.

Kuhusu kutosogelewa, nina wasiwasi uliwaita paka wale kwa sauti ya kuita ng'ombe. Watafiti wa vyuo vya Sussex na Portsmouth, Uingereza, walichapisha mwaka 2020 kwamba paka humkaribia zaidi mgeni anayefumba na kufumbua macho polepole kuliko yule anayekaa na uso mkavu. Jizoeze nyumbani. Usijizoeze siku ya soko, mama wa nyanya ataelewa vingine, na mkeo ataelewa hivyo hivyo.

*Mjomba, nataka kuanzisha mkahawa wa paka hapa Kithyoko, kando ya barabara ya Thika kwenda Garissa, nipate abiria wa mabasi. Mama tayari ana hoteli, na paka wapo. Nianzie wapi? — Mwekezaji Mtarajiwa*

Mwanangu, mkahawa huo upo miaka mingi. Nimewahi kuagiza chapati na maharagwe kando ya barabara hiyo, nikahudumiwa na paka wawili chini ya meza bila bei kupanda. Ila Nairobi hutenganisha paka na jiko, na kuna mtu kazi yake ni kufagia manyoya. Kwa mama, mlango unaotenganisha ni pazia. Afisa wa afya ya umma akilifunua, mtafunga vyote viwili, hoteli na ndoto.

Fikiria pia mteja wako. Basi likisimama, abiria ana haja ya choo, ndizi na soda, huku dereva anapiga honi. Hana nafasi ya kusubiri paka aamue kama anampenda. Isitoshe, paka mzima hulala saa 12 hadi 16 kwa siku. Abiria atalipia vipi kutazama usingizi, na ameutazama kwa jirani wa kiti tangu Matuu?

Ukishikilia msimamo, chanja paka wako wote na uwahasi. Paka jike anaweza kushika mimba hata akiwa na miezi minne, na mimba yenyewe ni kama miezi miwili tu. Deni la chama halikui kwa kasi hiyo.

*Mjomba, mnasafiri mpaka Nairobi kutafuta paka na Lamu ipo? — Mwana wa Mtaa wa Langoni*

Kweli, bwana. UNESCO iliuorodhesha Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, na ukiona paka walivyojilaza kwenye baraza zake utadhani hati za nyumba zina majina yao. Kiingilio chao ni kichwa cha samaki. Tatizo ni nauli.

*Mjomba, nilimbeba paka wa jirani nipate utulivu kama wa watu wa mjini. Akaning'ata mkono. Mama mkwe anasema nipake majivu. — Asiyetulia*

Hapa sicheki, mwanangu. Mkweo mheshimu, majivu yarudi jikoni. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali leo hii. Kichaa cha mbwa, licha ya jina lake, paka naye huambukiza, na dalili zikishajitokeza karibu hakuna anayepona. Machakos yetu ni miongoni mwa kaunti zilizochaguliwa kuanza mpango wa taifa wa kuutokomeza ugonjwa huo, wa 2014 hadi 2030, kwa hiyo daktari hatakushangaa.

Paka asiuawe. Jirani amfungie amwangalie kwa siku 10, nawe usingoje ziishe ndipo uchomwe sindano. Jirani akisema paka wake hana makosa, mkubalie, mradi mlango umefungwa.

Barua ya pili usiniandikie kabla hujafika hospitali.