Mnyonge Mnyongeni: Sifa za Klachi Iliyokwisha

Miongoni mwa vyuma vyote vinavyoliwezesha gari kuukuu kupanda vilima vya Karagwe na Kyerwa, hakuna kinachotukanwa sana na kusifiwa kidogo kama klachi, yaani kiungo kinachopitisha nguvu za injini kwenda kwenye giaboksi na kuzikata kila dereva anapokanyaga pedeli ya kushoto. Injini husifiwa kwa nguvu, chesisi kwa uimara, hata honi ina washabiki wake. Klachi hutajwa siku inapokufa tu, na hapo hutajwa pamoja na wazazi wa aliyeiuza. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Moyo wa klachi ni sahani, bamba la duara lililofunikwa pande zote mbili kwa utando wa kusugua ulioshikizwa kwa ribiti. Sahani hiyo hubanwa kati ya flaiwili, ambayo ni gurudumu zito lililofungwa nyuma ya injini, na presha pleti, ambayo ni kifuniko chenye springi. Land Rover ya Series III, iliyotengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, inapopakiwa magunia ya kahawa ya maganda, mikungu ya ndizi na abiria ambao hawakuhesabiwa, kisha ikaamriwa kupanda kutoka bonde la Mto Kagera kule Murongo, ni lazima kitu kimoja kikubali kushindwa. Kama sahani isingeteleza, zingekatika shafti za ekseli au meno ya giaboksi, ambavyo bei yake humkosesha mwenye gari usingizi. Sahani basi huteleza, hunuka, hulika mpaka ribiti zikachungulia, na kufa kwa niaba ya wakubwa wake. Asante ya punda ni mateke. Ya klachi ni kukanyagwa.

Ajabu ni kwamba Karagwe si nchi isiyojua kuheshimu chuma. Katika hazina ya watawala wake huko Bweranyange, enzi ya Rumanyika aliyempokea mvumbuzi Mwingereza Speke mwaka 1861, walikuwamo ng'ombe wadogo wa chuma kilichofuliwa, ambao hawakupata kukamuliwa wala kubeba mzigo wa mtu. Chuma kisichofanya kazi kilitunzwa na wafalme, ilhali chuma kinachokufa kikiwa na magunia mgongoni hutupwa chini ya benchi la fundi.

Sifa kuu ya klachi, hata hivyo, ni uwezo wake wa kukusanya watu, kwa kuwa haifikiki bila ama kung'oa viti na sakafu ili giaboksi itolewe, ama kuondoa boneti na rejeta ili injini nzima ining'inizwe kwa winchi ya mnyororo kwenye magogo matatu ya mikaratusi. Kuitoa injini ni kazi ya nguvu. Kuirudisha ni kazi ya adabu. Kwanza sahani mpya hupachikwa, upande wenye kitovu kilichotokeza ukielekea giaboksi, nayo hulinganishwa kwa shafti kuukuu au kijiti kilichochongwa kwa kisu, ili tundu lake likae katikati kabisa kabla bolti za presha pleti hazijakazwa kwa mkingamo. Kisha injini hushushwa, ikasogezwa nyuma taratibu, shafti ya giaboksi ikaingia, na yote yakasimama pengo likiwa limebaki la vidole viwili.

Pengo hilo ndilo chuo kikuu cha gereji. Kila mpita njia hugeuka mhandisi: mmoja hutaka injini iinuliwe, mwingine ishushwe, na wa tatu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, hushauri bolti ndefu zitumike kuivuta kwa nguvu. Fundi asiye na subira humsikiliza huyo wa tatu, akakipinda kitovu cha sahani na kuianza kazi upya. Fundi mwenye subira huweka gia, humwambia utingo azungushe shafti ya nyuma kidogo kidogo, naye huitikisa injini kama mtu ambembelezaye mtoto, mpaka meno ya shafti yakutane na mifereji ya sahani na pengo lizibe kwa mlio mmoja mdogo. Mlio huo husikika hata kwa waliokuwa wakibishana, na kila mmoja huamini kuwa ushauri wake ndio uliofanya kazi.

Hubaki kuunganisha mabomba, kutoa hewa katika mafuta ya klachi na kujaribu pedeli. Alasiri hiyohiyo magunia hupakiwa tena, yakizidishwa mawili ili kufidia siku zilizopotea, na dereva hupanda kilima kilekile, mguu wake wa kushoto ukiwa umepumzika juu ya pedeli.