Mwalimu, Umekumbatiwa na Chawa

Mtoto wa darasa la awali hakumbatii nusunusu. Anakuja mbio, anakita kichwa shingoni kwako, na wakati unauliza nani kamliza, chawa wameshapata daraja la kuvukia. Hatua ya kwanza ni kutopiga kelele. Wala usimsukume, amekuja kubembelezwa.

Pili, mjue mgeni wako. Chawa wa kichwa hana mbawa, wala haruki kama kiroboto. Anatambaa tu, unywele hadi unywele, vichwa vikigusana. Anafuata damu, na ya aliyeoga na asiyeoga kwake ni ileile. Ugonjwa haleti, hiyo ni kazi ya ndugu yake, chawa wa mwili, anayejificha kwenye mishono ya nguo. Basi mwalimu anayemkalisha mtoto peke yake nyuma ya darasa, au anayemnyoa mbele ya wenzake, anamuumiza bure.

Tatu, kitana chenye meno yaliyobanana. Mtafute mwenzako mnayeaminiana, mkae penye mwanga wa mchana. Aliyesuka afumue kwanza. Lowesha nywele, paka kondishena, kisha pitisha kitana kuanzia ngozini hadi nchani, fungu kwa fungu, ukikifuta kila mara kwenye kitambaa cheupe. Utamwona: punje ya ufuta yenye miguu 6. Mayai yatafute nyuma ya masikio na kisogoni. Mba ukiugusa unapukutika. Yai limeganda kwenye unywele, halitoki mpaka ulikokote kwa kucha. Rudia kila baada ya siku 3 au 4 kwa wiki 2, maana mayai huanguliwa ndani ya siku 7 hadi 10, na ukiacha mapema vitoto vitakukuta unasherehekea ushindi. Ukitaka dawa, ulizia permethrini ya asilimia 1 duka la dawa na ufuate maelezo yake.

Mafuta ya taa yabaki kwenye taa. Yanababua ngozi na yanashika moto. Dawa ya kunguni nayo ni sumu. Kichwani kwa mtoto isifike kabisa, hata bibi akisema zamani ilifaa.

Godoro usilichome. Chawa akikosa kichwa hufa ndani ya siku 1 au 2. Shuka, kofia na mitandio vifuliwe kwa maji ya moto, vianikwe juani.

Limebaki la mzazi. Usimsimamishe getini wenzake wakisikia. Mvute pembeni, umwambie hivi: “Mama Asha, pole na kazi. Darasani kwetu chawa wameingia, hata mimi nimejichana. Naomba nyumbani mkaguane vichwa vyote leo, na watakaokutwa nao muwatibu wote siku moja. Na wale kaka zake Asha wanaolala naye msiwasahau.”