Mstahiki Meya wa Jinja, Tunaomba Mikeka kwa Watoto wa Walukuba

Kwa Mstahiki Meya wa Jiji la Jinja,

Mstahiki Meya,

Kwetu Busoga mwanamke hamsalimu mkubwa akiwa amesimama, na kwa kuwa sikupata nafasi ya kufika mbele yako, naomba uyapokee maneno haya kama yaliyopiga magoti, tangu la kwanza hadi la mwisho. Najua mezani pako zimerundikana barabara, masoko na taka za jiji zima, na kwamba tangu Jinja ipewe hadhi ya jiji Julai 2020, wanaokuhitaji wameongezeka kuliko saa za siku. Barua hii ikikukuta umechoka, tafadhali iweke kando. Nitashukuru hata ikisomwa wiki ijayo.

Ninachoomba ni mikeka. Kwa idhini yako, itandikwe michache katika kituo cha afya cha Walukuba siku za chanjo, na muuguzi aombwe kuwaonyesha kina mama namna ya kumlaza mtoto mchanga kifudifudi akiwa macho.

Uniwie radhi nikieleza jambo ambalo huenda unalijua. Mtoto aliyelazwa kwa tumbo hana budi kuinua kichwa ili aone. Kwa jitihada hiyo shingo inakaza, mabega na mgongo vinapata nguvu. Kwenye miezi miwili wengi huweza kukiinua kichwa, kwenye minne hujiegemeza kwa viwiko, na kwenye sita hujisukuma juu kwa mikono iliyonyooka. Anayeshinda chali kutwa huikosa kazi hiyo, na kisogo chake huweza kuwa bapa. Mnamo Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja ambaye bado hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi angalau dakika 30 kwa siku, kidogo kidogo, akiwa macho. Ushauri huohuo unasema asifungwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo, hata mgongoni.

Hapo, Mstahiki Meya, naomba kwa heshima zote niwatetee wenzangu. Mama anayeanika dagaa wa mukene kule Masese hana mahali pengine pa kumweka mtoto ila mgongoni, na mbeleko si adui. Mwaka 1957 watafiti Marcelle Geber na R. F. A. Dean waliandika kuhusu watoto waliowapima Kampala, wakasema walikaza shingo mapema kuliko watoto wa Ulaya. Lakini miaka 19 baadaye mtafiti Charles Super, aliyewachunguza watoto wa Wakipsigis katika kijiji cha Kokwet, Kenya, aliona jambo la kutufaa sisi. Watoto wale waliwahi kukaa na kutembea kwa sababu mama zao waliwafundisha kukaa na kutembea. Katika kutambaa na kujigeuza, mambo ambayo hawakufundishwa, hawakuwa mbele ya wengine. Na sisi tuko hivyohivyo. Mtoto akifika miezi mitatu au minne tunamketisha kwenye beseni, tunamzungushia nguo asianguke, na majirani wanapiga vigelegele. Kumlaza kwa tumbo hakuna anayekupigia kigelegele.

Na hata anayetaka, atamlaza wapi? Nyumba zetu za Walukuba zilijengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya wafanyakazi, zama zile za bwawa la Owen Falls lililofunguliwa 1954. Leo chumba kimoja kinabeba kitanda, madumu ya maji, sufuria, jiko la mkaa na watoto wanne. Sakafu ni njia ya kila mtu. Mama anaogopa baridi ya saruji, anaogopa vumbi, anaogopa jiko. Kitandani godoro limebonyea, na mtoto mchanga akizamisha uso kwenye sponji ni hatari. Basi anambeba, au anamlaza chali, na siku inapita.

Kisha kuna kilio. Kwa ruhusa yako nitakaa hapa kidogo, kwa maana hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Mtoto akilazwa kwa tumbo mara ya kwanza hulia, jirani anauliza kupitia ukutani kama kuna mgonjwa, bibi anamnyakua, na shughuli imekwisha. Hakuna aliyemwambia mama kwamba si lazima aanzie sakafuni. Anaweza kujilaza nyuma kidogo na kumweka mtoto kifuani, tumbo kwa tumbo, tangu siku za mwanzo. Mtoto atainua kichwa kuutafuta uso anaoufahamu, na hilo tayari ni zoezi. Anaweza kumlaza mapajani na kumsugua mgongo polepole. Akizoea, atandikiwe mkeka, leso ikunjwe iwekwe chini ya kifua, mikono itangulizwe mbele. Mama naye alale chini wakabiliane uso kwa uso, amwimbie, au dada yake amchezee kijiko kinachong'aa. Dakika mbili au tatu zinatosha, mara kadhaa kwa siku, kisha ziongezwe. Afadhali iwe baada ya kuamka au kubadilishwa nepi, si mara tu baada ya kunyonya, asije akacheua. Akilia kwa uchungu ainuliwe, abembelezwe, na kujaribu kuendelee baadaye. Mtoto hashindwi kwa sababu amelia. Ni mchovu, kwa kuwa kichwa chake ni kizito na shingo bado ngeni.

Muuguzi aseme pia upande wa pili, asiusahau hata siku moja: usingizini mtoto alazwe chali, na akiwa kifudifudi mtu mzima asiondoe macho kwake. Miaka ya 1990 nchi kadhaa, Uingereza na New Zealand zikiwemo, ziliwahimiza wazazi kuwalaza watoto chali, na vifo vya ghafla usingizini vikapungua sana. Mama akisikia nusu ya somo, mtoto wake anaweza kudhurika zaidi kuliko wa asiyesikia lolote.

Mstahiki Meya, chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zinawaleta watoto hawa kituoni katika umri uleule unaohitajika. Kina mama wanakaa kwenye mabenchi asubuhi nzima wakingoja zamu, watoto mapajani. Kungoja huko hakuligharimu jiji shilingi zaidi. Mtoto mmoja akilazwa mkekani mbele ya wenzake, mama kumi wataona kwa macho, nao watarudi kuwaonyesha bibi waliobaki nyumbani. Nakusihi tu somo litolewe kwa Kiswahili pia, pamoja na Lusoga. Walukuba tumechanganyika, Wajaluo, Wasamia, Waacholi, Wateso na wenyeji, na uani kwetu Kiswahili ndicho kinachotuketisha pamoja.

Nasikia aibu kumwomba mkubwa jambo bila kueleza mzigo wake. Mikeka ya plastiki inafaa kuliko ya ukindu, kwa kuwa inafuliwa kwa sabuni na kukauka upesi. Minne ingetosha kuanzia, nasi wanawake wa hapa tutaifua kwa zamu kila baada ya chanjo, bila kudai malipo. Ikikupendeza kumtuma mtu kutoka idara yako ya afya, atukute kituoni siku yoyote ya chanjo. Tutampisha benchi la mbele.

Nabaki mtumishi wako mnyenyekevu,

Bibi mlezi wa wajukuu,
Walukuba, Jinja