Alfonso Kumi na Tatu

Mwanafunzi wa Kihispania akishavuka mia moja hujiona mwenyeji. Hapo ndipo lugha inapomwonyesha makucha. Mia tano, aliyoitarajia iwe cincocientos, inamtokea ikiitwa quinientos. Mia saba ni setecientos, mia tisa novecientos, na hakuna anayemwomba radhi.

Kisha nyumba mia mbili zinadai doscientas, maana casa ni jike. Vitabu mia mbili vyataka doscientos. Mswahili aliyelelewa na ngeli hana haki ya kulalamika, ingawa atalalamika.

Balaa lenyewe ni billón. Akiisoma kama bilioni ya Dar es Salaam, kadondosha sifuri tatu njiani: billón ni trilioni yetu, na bilioni yetu wao huiita mil millones, yaani milioni elfu moja. Mwaka 1995 Real Academia Española, akademia ya lugha hiyo, ilikubali neno millardo kwa bilioni yetu ili kuokoa jahazi. Wengi wameliacha gatini.

Kwenye “wa ngapi”, wenyewe huchoka wakifika kumi. Mfalme Felipe VI wa Hispania ni Sexto, wa Sita, lakini babu wa baba yake, Alfonso XIII, ni Trece: Alfonso Kumi na Tatu, kama namba ya chumba. Decimotercero lipo, limehifadhiwa kwa ajili ya watahiniwa.